Ndugu wa Damu Watatu

Kiwandani walimwita Mama Barua, maana ndiye mkuu wa wafanyakazi, na barua ya kuajiriwa au kufukuzwa haitoki bila saini yake. Kampuni yao inatafuta dawa ya watu ambao damu yao haigandi. Mtu akijikwaruza kidogo, anavuja hadi hospitali. Mama Barua mwenyewe ni mpole, mtu wa sala, na kila barua ya kumfukuza mtu humkosesha usingizi.

Jumatatu hiyo mkurugenzi alimtupia faili mezani.

"Huyu muosha chupa wa maabara ameandika kwenye fomu ya wafanyakazi kwamba ana ndugu wa damu watatu humu ndani. Watatu! Nani aliwaingiza? Ijumaa nataka barua yake."

Swali la ndugu kwenye fomu alilitunga Mama Barua mwenyewe, ili watu wasijazane kiukoo. Akamwita muosha chupa, mwanamume wa makamo, glavu mbilimbili mikononi.

"Baba, hawa ndugu zako ni akina nani?"

"Si wale wanaokuja kujaribiwa dawa, mama? Wale watatu wa Alhamisi. Sisi wenye ugonjwa huu tunaitana hivyo, ndugu wa damu."

"Sisi?" akauliza Mama Barua.

"Mimi pia ninao." Akacheka kidogo. "Kwani hamkujua? Nilidhani ndicho mlichouliza. Miaka mitatu hii nawaombea dua, nasema hawa wamenichukua hivyo hivyo nilivyo."

Mama wa watu akapima moyoni. Akinyamaza, mtu anafukuzwa kwa upendeleo ambao haupo. Akisema ukweli, nani atamwachia mgonjwa wa damu ashike vioo?

"Nikimweleza mkurugenzi, utatolewa kwenye chupa," akamwambia.

"Na usipomweleza?"

"Utatolewa getini."

Yule bwana akazitazama glavu zake. "Basi mweleze, mama. Ila chupa zangu nazipenda. Mwambie na hilo."

Alipotoka, Mama Barua akafunga mlango, akaomba Mungu ampe ulimi, akaenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi aliruka kitini.

"Anaosha vioo? Akikatwa je? Magazeti yatatumaliza!"

"Miaka mitatu hajakatwa, bosi. Wewe juzi tu umekatwa na karatasi, ukaitisha sanduku la huduma ya kwanza."

Mkurugenzi hakucheka. Walivutana hadi saa sita. Alichopata Mama Barua ni hiki: mtu abaki, mshahara uleule, ila ahamie stoo kubandika lebo kwenye maboksi. Chupa asiziguse tena. Akashukuru Mungu, lakini kwa nusu moyo.

Habari ikazagaa kabla ya chakula cha mchana. Wiki iliyofuata Mama Barua akapita stoo kumjulia hali yule bwana. Wenzake walikuwa wamemzunguka kama wanaolinda yai.

"Mzee, kaa, kaa! Boksi hilo nitaliinua mimi."

"Mkasi weka huko, jamani, mnataka atufie hapa?"

Yule aliyeosha maelfu ya chupa bila kuvunja hata moja akabaki na utepe wa gundi mkononi, hana cha kuukatia. Akatazama huku na huku, akainama, akaukata kwa meno.

Mama Barua aliona yote akiwa mlangoni. Alikuwa amekuja na salamu tayari mdomoni. Hakuingia.