Nikilia, Niulize Ng'ombe

Jumamosi iliyopita, katika chumba cha kufulia nguo cha apatimenti zetu huku Brooklyn Park, Marekani, dada mmoja Mkenya alikuwa akikunja sare zake za kazi, simu ameilaza juu ya mashine, spika wazi. Alikuwa akiongea na mamake aliye nyumbani.

"Mama, skiza. Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu kabisa. Mwenzangu kazini, babake alipigiwa simu, akasikia binti yake analia ati ameshikwa na polisi. Kumbe ni matapeli! Kwa hivyo mimi nikipiga nikilia, usiniamini. Niulize kwanza ile ng'ombe yetu ilivunjika mguu ilikuwa inaitwa nani."



"Na ukilia kweli?" mamake akauliza. "Mtoto wangu yuko taabuni ng'ambo, mimi nimuulize ng'ombe?"

Mikono ya yule dada ikasimama. Akazima spika, akaiweka simu sikioni, akageukia ukutani.

Wakubwa wangali wanabishana jinsi ya kuzitungia sheria hizi akili unde, kompyuta zinazoiga watu. Sisi wenye hofu tumeshajitungia yetu: mzazi asimwamini mwanawe akilia.

Nilipopanda kwangu nilimpigia mama yangu, nimpe onyo hilohilo. Akaitika kwa furaha, kama anavyoniita tangu utotoni: "Ee, baba!" Nami, badala ya kumjibu, nikajikuta nimetega sikio, nikipima kama ni yeye.