Insha Saba za Baleni

Kushuku ni kazi yangu ya pili. Ya kwanza ni kufundisha Kiingereza kidato cha nne hapa Mafia, mwaka wa sita sasa tangu nilipoletwa kutoka Karagwe. Mwanafunzi akitulia, najiuliza anaficha nini. Akiandika vizuri, nageuza karatasi nitazame nyuma.

Kwa hiyo nilipokuwa nasahihisha mtihani wa majaribio, nikakuta wasichana saba wa kijiji cha Baleni wameandika insha nzuri kupita kiasi, sikufurahi hata kidogo. Nilifunga mlango wa ofisi nikazipanga mezani. Swali lilikuwa waeleze siku ambayo hawataisahau. Wote saba walikuwa wameandika kuhusu upepo uliong'oa mnazi ukaangukia jiko la jirani, na sufuria ya mihogo ikabaki imesimama na kifuniko chake. Sentensi ya sufuria ilikuwa ileile katika insha zote, neno kwa neno, na walikuwa wamefanyia mtihani vyumba vitatu tofauti.

Shuleni kwetu aliyefeli Kiingereza cha majaribio haingii kambini, zile wiki nane za kulala shuleni kujiandaa na mtihani wa taifa. Aliyeibia anapata sifuri. Nikaandika barua kwa mkuu wa shule kuwashtaki wote saba. Sikuipeleka siku ile, maana nilitaka kwanza kumpata aliyevujisha swali.

Nikamwita mmoja wao, Arafa, ambaye wenzake humsikiliza.

"Insha hii mmepewa na nani?"

"Hatukupewa, mwalimu. Tumeitengeneza kwa Bibi Biubwa, tunakosukia ukili wa kushonea mikeka."

Alisema bila woga, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Nilijua mwizi asiyeogopa ana mtu nyuma yake. Mwalimu Clotilda wa baiolojia naye akaniongezea moto: "Yule mama alikuwa hotelini kwa Wazungu kule Utende. Huwezi kujua ana watu gani."

Jumamosi baada ya alasiri nikapanda bodaboda mpaka Baleni. Nyuma ya nyumba ya Bibi Biubwa niliwakuta wote saba wamekaa mkekani, miguu wameinyoosha, wanasuka ukili na kuzungumza Kiingereza. Waliponiona walivuta mitandio. Katikati yao alikuwa yeye mwenyewe, mama wa miaka kama sitini, miwani ameifunga kwa uzi, anashona mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujapata kufika kwangu, mwalimu. Umefuata nini?"

Sindano haikusimama. Nikaona kwamba naye ananishuku, na haki alikuwa nayo: mwanamume, mgeni wa bara, nimeingia uani penye wasichana saba bila taarifa. Akamtuma Umi, binti mwembamba aliyekuwa ubavuni pake, akamwite Muhidini, kaka yake Biubwa. Muhidini akaja na kigoda chake, akaketi. Alikuwa ananitazama mikono tu.

Nikatoa zile insha nikamwuliza Biubwa swali langu alilipata wapi.

"Swali lako? Mwalimu, unalitoa kila mwaka. Karatasi za kaka zao ninazo ndani. Nikuletee?"

Niliona haya, lakini sikuonyesha. Nikamwuliza Kiingereza amekijulia wapi. Akanieleza, macho kwenye sindano. Yeye mwenyewe kidato cha pili Kiingereza ndicho kilichomtoa shuleni. Akaolewa, akafiwa na mume, akaingia jikoni hotelini na kukaa miaka kumi na minne. Pale kila jioni kabla ya chakula ilibidi mpishi mmoja asimame mbele ya wageni awaeleze samaki ametoka wapi na amepikwa vipi. Zamu yake ya kwanza alilia stoo.

"Nikajifunza kwa kusimama na kusema," alisema. "Hawa nao nawasemesha huku mikono inafanya kazi. Anayekwama, wa jirani anamvuta. Anayeteleza akasema Kiswahili, anasuka pima moja zaidi. Sentensi ikitoka nzuri tunairudia wote mpaka kila mtu anayo."

"Na hii ya sufuria ni ya nani?"

Wasichana walitazamana kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. Biubwa akaweka sindano chini.

"Mwalimu, huu ni mkeka wa harusi ya mpwa wangu. Kila mmoja hapa ametoa ukili wake, na mimi naunganisha. Ukishatolewa hatuulizi upi wa nani. Huo ni ufedhuli. Na sentensi tumezifanya hivyohivyo."

"Kwenye mtihani huo ni wizi, mama. Nina barua hapa. Wote saba watapata sifuri."

Alivua miwani. Kwa mara ya kwanza mikono yake haikuwa na la kufanya.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Basi nimewaponza."

Mtu mwingine angemwamini palepale. Mimi maneno mazuri yananitia shaka, na haya yalikuwa mazuri mno. Nilikuwa nimebeba karatasi tupu. Nikawatawanya, mmoja mlangoni, mmoja kisimani, mmoja nyuma ya jiko, kila mmoja asimwone mwenzake, nikawapa swali ambalo sijawahi kulitoa: mweleze mgeni kazi moja unayoijua kwa mikono yako. Atakayefaulu nitampa alama hizi badala ya zile. Muhidini alinisaidia kulinda, na mimi nikawa namlinda Muhidini.

Baada ya saa moja nilikusanya. Makosa yalikuwepo, mengi, lakini kila mmoja alikuwa na yake. Arafa alieleza namna ya kukuna nazi. Faraja alieleza kufunga kamba za mwani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kazi ile. Niliposoma ya sita nilikuwa na furaha kweli, furaha ambayo mezani kwangu haiji mara nyingi. Sita walikuwa wamefaulu.

Ya saba ilikuwa ya Umi. Mistari miwili, na wa pili ulikuwa umefutwa.

"Yeye peke yake hawezi, mwalimu," Arafa aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini ile ya sufuria ni yake. Nzuri nyingi ni zake."

Barua niliichana mbele ya Biubwa. Kwa Umi nilifuata sheria, kwa sababu mtihani wa taifa nao utamkalisha peke yake, na hata sasa sijui kama nilikuwa sahihi. Jina lake halikuingia kwenye orodha ya kambi.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi ya mwisho kabla ya kambi kufunguliwa, nilirudi na vitabu. Muhidini alikuwa ameshakaa kigodani. Safari hii niliposogea sikusikia Kiingereza. Wale sita walikuwa wameenea uani, kila mmoja amempa mwenziwe mgongo, na madaftari wameyafunika kwa viganja. Umi alikuwa mkekani peke yake na Biubwa, anamtungia sindano uzi.

Faraja alikuja kutoa ukili wake. Kwenye ncha alikuwa amefunga kipande cha uzi mwekundu.

"Wa nini huo?" nikamwuliza.

"Usichanganyike na wa wenzangu, mwalimu."

Biubwa aliupokea, akautazama ule uzi, kisha akanitazama mimi.

"Wamekuelewa vizuri sana," alisema, akaufungua uzi, akaendelea kushona.