Chapa ya Baba Kwenye Jiwe la Angani

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kijijini kwetu Mwandoya walimiminika wanunuzi binafsi, wa pamba, wa ngozi, wa kila kinachobebeka. Ndipo jiwe jeusi lilipoanguka kutoka angani, kwa kishindo, katikati ya pamba yetu.

Baba alifanya ambalo mfugaji yeyote wa kwetu angelifanya. Alichukua tindo na nyundo, akachonga upande wa chini chapa ya ng'ombe wetu: mstari mmoja na pembe mbili. Kwetu mnyama asiye na chapa ni wa atakayemfikisha mnadani. Kisha akasema litapelekwa wilayani, maana kilichotoka juu si mali ya mtu mmoja.

Mnunuzi mmoja wa pamba, mwenye lori, alijitolea kulifikisha. Tukamshukuru sana, kumbe tumempa fisi bucha alinde.

Baada ya mavuno, mimi na baba tulikwenda stesheni ya Malampaka kumpokea shangazi. Tukamkuta yule bwana, polisi amemfungulia gunia, na jiwe letu limo. Alikuwa akieleza kwamba amelinunua nchi jirani, kwa hiyo halihitaji kibali cha kutoka nchini. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Nilitamani kumrukia.

Baba hakupandisha sauti. Alichora chapa yake mavumbini kwa fimbo, polisi akiangalia, ndipo akamwambia: "Sasa ligeuze, mwanangu."

Polisi akaligeuza. Mnunuzi akakumbuka ghafla kwamba alikuwa njiani kulipeleka ofisini.

Mtaalamu wa madini alikuja kulichukua kituo cha polisi cha Nyalikungu, tulikoitwa kutoa maelezo, akamkaripia baba mbele ya watu. Jiwe la namna hii haliguswi kwa chuma, alisema. Unaonyesha mahali lilipoangukia, unatoa taarifa, unaacha wataalamu walichunguze. Baba alikuwa ameliharibu. Baba akainamisha kichwa, na hilo ndilo lililonichoma.

"Bila hiyo chapa, bwana, leo ungeandika limetoka wapi?" nikamuuliza.

Aliandika kwamba limeangukia Mwandoya, nikasimama pale mpaka alipomaliza.

Tangu hapo nimejifunza kanuni zote, na nyingi ni za haki. Jiwe la angani halichongwi, najua. Lakini likianguka lingine kesho shambani kwetu, nitamshikia baba tindo apige.