Nilimfukuza Shemeji Kwenye Chekechea Yangu, na Msamaha Siombi

Admin, naomba ufiche jina langu na la kambi yetu. Mengine yaache nilivyoyaandika, hata pale nilipokasirika.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mkongomani, nimeolewa, nina watoto watatu. Tulivuka Ziwa Mweru tukikimbia vita, tukapokelewa kwenye kituo cha wakimbizi cha Kenani, Zambia, na sasa tunaishi kambini huku upande wa Nchelenge. Nina chekechea chini ya turubai, watoto wadogo kabisa. Wapo wa kabila letu, wapo wa kabila tuliloumizana nalo kule nyumbani, na wapo Wazambia, watoto wa wavuvi wanaoniletea chisense, dagaa wa huku. Wote wananiita Metrese, yaani mwalimu.

Mwaka jana alifika mdogo wa mume wangu. Mkewe na watoto wake walichomwa moto ndani ya nyumba. Nilimpokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa anajua kupiga ngoma, nikampa nyimbo za asubuhi wakati mimi napika uji. Watoto walimpenda mpaka nikaona wivu kidogo. Nyimbo zilizonifikia jikoni zilikuwa za Yesu.

Siku hiyo natoka na sufuria, nakuta binti wa miaka minne, wa lile kabila jingine, amesimama kwenye ua, mikono kaiachia, na wenzake wanamrushia mawe. Damu inamtoka juu ya jicho. Halii! Nilimkumbatia nikamwuliza, "Mama yangu, juu ya nini haulie?"

"Baba mudogo alituogesha dawa," akaniambia. "Alisema mutoto muzuri, jiwe inageuka maji. Ule anaumia, njo mutoto wa bale bantu babaya."

Maskini, hajui kwamba hao "bantu babaya", watu wabaya, ni mama yake na baba yake.

Nikageuka. Aliyebaki na jiwe mkononi alikuwa kitinda mimba wangu. Akasema kwa furaha kabisa, "Mama, ona, anatoka damu! Eko mutu yabo!" Yaani ni mtu wao, wa hao wabaya.

Nyuma ya turubai nikakuta beseni la maji yenye majani, na shemeji amesimama kando yake. Kwetu wapiganaji huoga maji ya namna hiyo kabla ya kwenda kuua, wakiamini risasi haziwaingii. Kumbe shemeji alikuwa anawaandaa watoto wangu kwa vita yake! Nililimwaga lote miguuni mwake.

"Shemeki, ninabafundisha kujilinda," akasema. "Bale bantu baliunguza batoto yangu."

"Najua. Nililia na weye," nikamjibu. "Lakini huyu mutoto hakushika moto. Beba ngoma yako, toka!"

Kesho yake nikaweka sheria: hapa kila anayeumia analia, tena kwa sauti, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na watoto, hata awe ndugu yangu. Nikajidunga sindano kidoleni, wakaiona damu yangu, nikalia mbele yao mpaka wakacheka. Mama wa yule binti nilidhani hatarudi. Alirudi naye. "Nitamuleta," akasema, "lakini na miye nitaikala apa." Anakaa kweli, na siku hizi ndiye anayekoroga uji.

Nyumbani ndiko kulikowaka. Familia ya mume imekaa kikao, eti nimemdhalilisha mtu mwenye msiba. Mume wangu ananiambia, "Bale ni batoto, balikuwa banacheza tu." Wanataka Jumapili baada ya ibada nipige magoti, nimwombe shemeji msamaha na nimrudishie watoto. Na nikithubutu kwenda ofisi ya kambi, mume atampa mdogo wake huyo kitinda mimba wangu avuke naye kurudi ng'ambo. Kule mtoto wa kiume anaogeshwa hilo beseni, akitoka anapewa panga. Nyie mngelala?

Juzi nilimkuta mwanangu nyuma ya nyumba amekanyaga chupa, mguu umejaa damu, meno kayakaza. Nikamwambia, "Lia, baba, lia tu." Akatikisa kichwa. "Mama, usimuambie baba mudogo. Atasema miye pia niko mutu yabo." Mtoto wa miaka mitano anaiogopa damu yake mwenyewe! Nililia mimi kwa niaba yake.

Basi nisaidieni mawazo, ndugu zangu. Niende ofisini kesho asubuhi niseme yote, au kwanza nimfikishe mwanangu kwa dada yangu anayeishi Mwansabombwe ndipo nifungue mdomo? Ndoa yangu ikivunjika nitaibeba. Nachotaka ni njia ya kumlinda huyu mtoto na wale wengine. Ila habari ya msamaha msinishauri kabisa. Magoti napiga kwa Mungu, na mbele ya mtoto aliyeumia, nikimfunga kidonda.