Simba hajachanjwa, na amemuuma Mama Kerubo

Mbwa wetu amemuuma jirani leo, na mama yangu akamdanganya.

Mama Kerubo alikuja tu kuazima jembe. Simba akamrukia mguuni. Damu ikatoka.

Mama akakata manyoya ya Simba ayachome, ampake kwenye kidonda, kama watu wa hapa wanavyofanya.

Nikasema, "Mama, tuoshe kwanza kwa sabuni na maji mengi." Hakunisikia. (Mnajua sauti yangu ilivyo ndogo.)

Mama Kerubo akauliza, "Kwani huyu amechanjwa?"

"Amechanjwa!" Mama akajibu haraka.

Hajachanjwa. Mbwa walichanjwa sokoni Ekerenyo siku ya Sabato, na sisi tulikuwa kanisani.

Mama Kerubo akashukuru Mungu, akaanza kwenda zake nyumbani.

Nikapiga kelele, mimi! "Hajachanjwa! Tuoshe, halafu twende hospitali!"

Mama hajaniangalia tangu hapo.

Sasa tuko zahanati na chanjo ya kichaa cha mbwa imeisha. Mama Kerubo amenishika mkono. "Mwanangu, usiniache."

Anayejua hospitali iliyo nayo leo, Nyamira au Kisii, aandike hapa. Tafadhali. Bodaboda anatungoja.