Farasi Aliyetulizwa kwa Chai

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyoangushwa na farasi mmoja mara tatu kabla ya chai ya asubuhi. Juzi uliponipigia simu kutoka hoteli yenu ya Al Sadd hapo Doha, ukilalamika kwamba umefanywa msimamizi na yule mhudumu mzee hakusikii, mgongo wangu ulianza kuuma palepale pa zamani. Ndiyo maana nakuandikia.

Ilikuwa Doha hiyohiyo, miaka ya elfu mbili mwanzoni, metro haijachimbwa na minara mingi ya West Bay bado inajengwa. Mimi nilikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi nje kidogo ya mji. Nilikuwa nimetoka kwetu Molo, Kenya, na maneno mengi kuliko ujuzi. Leo nina mvi, naweza kulisema hilo bila haya.

Farasi mwenyewe aliitwa Barq, jina la Kiarabu lenye maana ya umeme wa radi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mbio alishastaafishwa, ila yeye hakuwa na habari. Ukimpanda tu anaanza kurukaruka, jasho linamtoka, anatafuta wa kushindana naye hata kama aliye karibu ni paka. Baba mzazi wa kafili, kama tulivyomwita mwajiri wetu, alimpenda farasi yule kupita kiasi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, na alitamani kumpanda kwa mwendo wa taratibu kabla magoti yake hayajakataa. Kafili akatuambia wazi: msimu wa baridi ukiisha na Barq hajatulia, atauzwa.

Nami nikaropoka. "Boss, nipe wiki mbili tu. Huyu atakuwa mpole kama kondoo."

Nilijiambia kwamba shida yake ni nguvu kumzidi, basi nitamchosha ziishe. Kila alfajiri nikamkimbiza shoti mchangani mpaka anatoka povu. Kisha nikamwonea huruma kwa kazi ile nzito, nikamwongezea shayiri! Akikaza mwendo, navuta hatamu kwa mikono miwili, naye anazidi kukaza. Wiki ya pili ilipoisha, Barq alikuwa na misuli ya farasi wa miaka minne, na mimi nilikuwa nimelala chali kwenye rundo la samadi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile.

Mzee Bakari, saisi mkuu wetu, alikuwa amekaa juu ya ndoo akinitazama. Alikuwa mtu wa Mombasa aliyekula chumvi nyingi katika mazizi ya Ghuba. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha uso ukabadilika.

"Njoo uketi, baba," akaniambia. "Wajua wafanya nini? Asubuhi wampa mazoezi ya mbio, jioni wamlisha chakula cha mbio, kisha wamkasirikia akikimbia. Na huko kuvuta hatamu, yeye alifundishwa tangu mdogo kwamba ukivuta wataka aongeze. Yuakutii huyo! Wewe ndiwe hujui wamwambia nini."

Niliona aibu, mwanangu. Nilikuwa nimempiga kelele mnyama kwa kosa la kunisikiliza.

Shayiri ikapunguzwa, nyasi zikaongezwa, tandiko likaangikwa. "Kazi yako kesho," Mzee Bakari akasema, "ni kunywa chai." Nikadhani ananitania. Kumbe hapana. Kila asubuhi nilimtembeza Barq kwa miguu, kamba imelegea, hadi kwenye kidirisha cha muuza karak, ile chai ya maziwa na iliki unayoijua. Hapo nasimama, nakunywa kikombe kizima polepole, simvuti wala simsemeshi. Siku za kwanza alinizunguka kama feni, chai yote ikaishia kwenye shati langu, na wenzangu walinicheka waziwazi. Siku ya tisa aliteremsha kichwa, akashusha pumzi ndefu, akalegeza mguu mmoja wa nyuma, kama afanyavyo farasi anayepumzika. Nilitaka kupiga vigelegele! Mzee Bakari, aliyekuwa ametufuata, akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha.

Baadaye nikampanda, safari ikiwa ileile: kutembea, kusimama, chai. Zilipita wiki nyingi, si zile mbili nilizoahidi, na ilibidi niende kwa kafili nikaombe radhi kwa mdomo wangu.

Mwisho wa baridi yule mzee, baba yake kafili, akaja, akapanda. Mimi nilimsubiri kwenye kidirisha, kikombe mkononi. Walipofika katikati ya njia, farasi vijana wakapita shoti nyuma ya uzio. Barq akainua kichwa, mwili mzima ukatetemeka. Mzee akashtuka, akazikaza hatamu. Miguu yangu ilitaka kutimka nikamshike. Nikajizuia, nikainua kikombe changu juu.

"Legeza mkono, Baba," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

Akalegeza. Barq akawatazama wale vijana wakitokomea, akanitazama mimi, akaja hatua kwa hatua mpaka kidirishani. Akasimama. Mguu wa nyuma ukalegea.

Mzee alimpapasa Barq shingoni, machozi yakimlengalenga. Kisha akasema, "Na chai yangu mimi iko wapi?"

Tulicheka mpaka muuza chai akatoka nje kuuliza kuna nini. Barq hakuuzwa. Alimbeba mzee yule misimu mitano ya baridi, na hakuwahi kupita kidirisha kile bila kusimama.

Sasa nikuambie wazi. Huyo mhudumu wako anayekimbia huku na huko na kukujibu kwa ukali, amefundishwa kukimbia na mabosi wengi kabla yako. Ukimpigia kelele, unamwambia aongeze. Usimchoshe ili atulie, wala usiahidi wiki mbili. Kesho mwite, mketi, mnywe chai, na usiseme neno la kazi mpaka vikombe viishe. Ikikumwagikia shatini siku za kwanza, vumilia.

Mungu akupe mkono mwepesi wa hatamu, mwanangu, na kicheko cha kutosha. Na siku wewe mwenyewe utakaposhindwa kuacha mbio na kusimama, akuletee mtu wa kukungoja, kikombe mkononi.