Kitambaa Chini ya Kompyuta

Baba yangu alizaliwa Matombo, mama yangu Kinole, katika milima hii hii. Majina yao umekwisha kuyaandika kwenye ukurasa wa ukoo, hapa sitayarudia. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja. Nalitaja hilo mapema, kwa kuwa nitawasema vibaya waliosoma.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikikueleza, mjukuu wangu unayesoma Mzumbe, habari za ukoo wa mama: mashamba yetu yanaanzia kijito gani, yanaishia jiwe lipi, na bibi zetu wamezikwa wapi. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na miongoni mwa walioijua mipaka hiyo yote nimebaki mimi. Yote uliyaweka ndani ya kompyuta yako, bila nakala nyingine popote. Huo ulikuwa upumbavu wa kwanza.

Kompyuta yenyewe ilianza kwa uvivu. Nilimaliza kulitaja jiwe, yenyewe bado inatafuta herufi ya kwanza. Kisha ikapata joto la kikaango, ikanguruma, na mwishowe ikawa inajizima katikati ya sentensi.

“Bibi, tuipumzishe kidogo,” ukasema.

Tuipumzishe! Imelima wapi?

Tukaipeleka Msamvu kwa fundi mmoja, kijana mwenye kibanda kilichojaa simu zilizokufa. Aliniamkia vizuri, hilo namsifu, na ni hilo tu. Hakuifungua. Aliigusa mgongoni, akatikisa kichwa.

“Virusi, bibi. Tunafuta kila kitu, tunapiga windo upya, yaani tunaiwekea programu mpya.”

“Na maneno yangu?”

“Yanaondoka. Lakini itakuwa nyepesi, mchumba wangu, utaifurahia.”

“Hata wewe nikikukata kichwa utakuwa mwepesi. Fungua.”

“Kwani bibi kompyuta umesomea wapi?”

“Jiko likisumbua, mtu huangalia kwanza pa kuingizia hewa. Fungua nione.”

Akafungua kwa kununa. Ndani mlikuwa na feni ndogo kama kifuniko cha chupa, imezama katika nyuzi za rangi ya chungwa. Akazivuta kwa kibanio, zikatoka kama pamba ya godoro bovu.

“Jamani, hii mashine mmeivalisha sweta?”

Nilizitambua. Nyumbani kwa mama yako, Mafiga, hakuna redio wala televisheni isiyo na kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Kompyuta nayo niliitandikia kimoja chini na kuifunika kingine juu, hata ilipokuwa ikiwaka, nikaona imependeza. Nilikuwa nimemdharau fundi tangu mlangoni. Sasa zamu ya kudharauliwa ilikuwa yangu, nami nilistahili.

Akaipiga brashi, akapaka dawa mpya ya kupunguza joto, ikawaka bila kelele. Maneno yote yalikuwamo.

Njiani nikakuuliza, “Ulijua kwamba kitambaa kinaziba matundu?”

“Nilijua, bibi.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza. Niliona haya kukitoa, umekifuma wewe.”

Hapo ndipo nilipokudharau kuliko nilivyomdharau fundi. Uliona ni afadhali mipaka ya bibi zako ifutwe kibandani kuliko kuniudhi kwa dakika moja, na jambo hilo ukaliita adabu. Tulipofika nikakuamuru unisomee yote tangu mwanzo. Tukakuta makosa matatu. Mawili, likiwemo kaburi nililoliweka ng’ambo isiyo yake ya kijito, uliyajua siku ile ile, maana nyuma nilikwisha kukueleza sahihi, ukaandika tu.

Basi andika agizo unalopaswa kulitunza. Chapisha nakala mbili. Moja ikae kwa mama yako. Nyingine panda nayo Kinole kabla mvua haijaharibu njia, uisome mbele ya wanawake wa ukoo, nao wabishe. Yale matatu niliyokosea usiyafute. Yapige mstari mmoja, na lililo sahihi liandike pembeni, ili watoto wako waone kwamba nilikosolewa. Kompyuta ikifa tena, itupe, wala usinililie. Na nikikosea leo, nikatalie leo, ningali nasikia.